Mbuta Mkubwa: Wa Kuuzwa au wa Kurudishwa Ziwani?

Mazungumzo kwa wavuvi, wachuuzi wa samaki na wakazi wa kando ya Ziwa Victoria



Mazungumzo ya leo yanahusu samaki mmoja na swali moja.

Chukueni mfano wa mvuvi yeyote wa ufuo wetu. Ametega ndoano zake jioni, na kabla ya alfajiri anavuta kamba na kuhisi uzito. Mbuta anayejitokeza ubavuni mwa mashua amepita mita moja kwa urefu, na bado anapiga mkia. Vijana wawili walio naye wanashangilia. Mafuta ya injini yalikopwa. Karo ya muhula haijalipwa. Ufuoni kuna mnunuzi anayesubiri na mizani yake. Bondo, yaani kile kibofu cha hewa kilicho tumboni mwa samaki, nalo lina soko lake huko Asia, na kadiri linavyokuwa kubwa ndivyo bei inavyopanda. Mvuvi huyo anajua pia kwamba mbuta wa ukubwa huo aghalabu ni jike. Amtie mashuani au amrudishe majini?

Hakuna afisa wa uvuvi aliye karibu usiku huo. Anachoamua pale kinamhusu yeye, familia yake, na watu ambao hatawaona: wavuvi wa miaka kumi ijayo.

Ni vyema kuanza na sababu ya swali lenyewe. Mbuta dume hukomaa mapema. Jike huchelewa, na majike wengi hufikia sentimita 50 bila kutaga hata mara moja. Akishakomaa, mayai yake huongezeka kadiri mwili wake unavyoongezeka, na jike mkubwa hubeba mayai yanayohesabiwa kwa mamilioni. Mengi ya mayai hayo huliwa au huharibika, lakini ni kutokana na wingi huo ndipo samaki wachache hupona na kukua. Mkulima wa mahindi analijua jambo hili bila kufundishwa. Gunzi zuri kuliko yote halipelekwi kwenye sufuria. Hutundikwa juu ya meko lisubiri mvua.

Ndiyo maana Kenya, Uganda na Tanzania, kupitia Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, zilikubaliana kuhusu kipimo cha mbuta wa kuingia viwandani kwa ajili ya kuuzwa nje: asipungue sentimita 50 wala asizidi sentimita 85. Shirika hilo lilianzishwa kwa mkataba uliotiwa saini hapa Kisumu mwaka wa 1994, na makao yake yako Jinja. Mpaka wa chini unamlinda mtoto ili akue. Mpaka wa juu unamlinda mama ili atage. Wavuvi wengi wanaukubali wa kwanza kwa moyo mweupe. Wa pili ndio unaowauma, kwa sababu unagusa samaki mwenye pesa nyingi zaidi.

Swali hili halipo kwetu peke yetu. Huko Marekani na Kanada kuna samaki wa maji baridi anayeitwa walleye, anayependwa sana kwa nyama yake. Majike wake ndio wanaokua wakubwa zaidi, na katika maziwa mengi wavuvi wa ndoano huruhusiwa kubeba wa saizi ya kati na kuwaachilia wakubwa. Katika Ziwa Mille Lacs, jimbo la Minnesota, hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba katika msimu wa 2016 wavuvi wa burudani walitakiwa kumrudisha majini kila walleye waliyemvua. Hata kule watu hubishana. Mmoja husema samaki aliyevuliwa kihalali ni wa kuliwa, mwingine husema mkubwa ni wa ziwa.

Lakini ni lazima tofauti isemwe waziwazi. Mvuvi wa burudani akimwachilia samaki, anarudi nyumbani na picha na chakula kiko mezani. Mvuvi wa ufuo wetu akimwachilia samaki, anarudi na deni. Kumhubiria kana kwamba hali zao ni moja si haki. Anayemwomba mtu aache riziki yake sharti kwanza ayasikilize maneno yake.

Na maneno hayo yapo, tena yana uzito.

La kwanza husemwa na wazee. Mbuta ni mgeni. Aliletwa katika ziwa hili miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na alipozagaa katika miaka ya 1980, fulu wa aina nyingi walitoweka. Kwa nini mlaji huyo alindwe? Ni kweli kwamba ziwa lilipata hasara isiyorudi. Lakini leo mbuta amefungamana na maisha ya ufuo mzima: mwenye mashua, kibarua wake, mwenye barafu, dereva, mfanyakazi wa kiwandani, na mama anayekaanga mgongo wazi jioni sokoni. Mbuta akiisha, fulu waliopotea hawatarudi kwa ajili hiyo, na watu hawa watabaki mikono mitupu.

La pili: mbuta mkubwa hula watoto wake mwenyewe. Hilo nalo ni kweli. Wadogo hula uduvi na wadudu wa majini, na wakikua hula omena na hata mbuta wenzao. Lakini tabia hiyo ilikuwepo hata ziwa lilipokuwa limejaa mbuta. Ndoano na nyavu za binadamu ndizo zilizoongezeka.

La tatu ndilo gumu zaidi: "Nikimwachilia mimi, atavuliwa na jirani." Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya ziwa hili, sehemu kubwa iko Tanzania na Uganda, na samaki hana pasipoti. Mvuvi anayesema hivyo hasemi uongo. Lakini sehemu hiyo ndogo ina ghuba na maji ya kina kifupi ambako samaki wachanga hukulia, na yanayofanyika humo yana uzito kuliko ukubwa wake kwenye ramani. Tena, neno hilo hilo linasemwa upande wa pili wa mpaka. Kila mmoja akimsubiri mwenzake aanze, hakuna atakayeanza. Hii ndiyo sababu jambo hili haliwezi kuachiwa dhamiri ya mtu mmoja gizani. Linahitaji makubaliano ya ufuo mzima, yanayomfunga mwenye mashua tatu sawa na mwenye mtumbwi mmoja.

La nne ni la kitaalamu, nalo linasahaulika mara nyingi. Samaki aliyekufa hatagi. Mbuta aliyenaswa na nyavu usiku kucha mara nyingi hufika juu akiwa amekufa. Aliyevutwa haraka kutoka kina kirefu huja tumbo limevimba kwa hewa, na hata akirudishwa huenda asiishi. Kumtupa samaki mfu majini ili kutimiza kipimo hakumsaidii mtu yeyote. Ni kuharibu chakula.

Kwa hiyo jibu la kweli lina sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni kwa mvuvi wa ndoano. Mbuta mkubwa akija juu akiwa hai na mwenye nguvu, na hasa akivuliwa katika maji ya kina kifupi, kumwachilia kuna maana. Ikiwezekana asitolewe majini kabisa. Mikono ilowe kwanza, kwa sababu mkono mkavu huondoa utelezi unaolinda ngozi yake. Asishikwe matamvua wala asining'inizwe kwa taya, kwani uzito wake mwenyewe humuumiza. Ndoano ikiwa imemezwa, ni heri kukata kamba karibu na mdomo kuliko kuing'oa. Kisha ashikiliwe wima majini, taratibu, mpaka aondoke kwa nguvu zake mwenyewe. Picha isichukue muda kuliko pumzi ya samaki.

Sehemu ya pili ni kwa mvuvi wa nyavu, na hapa uamuzi haufanyiki ziwani. Unafanyika nchi kavu, siku nyavu zinaponunuliwa. Anayechagua tundu la nyavu amekwisha kuchagua samaki atakayekufa. Nyavu zenye matundu chini ya inchi 5, nyavu za kukokota ufuoni na nyavu za uzi mmoja wa plastiki haziachilii mtu. Zinamaliza wadogo kabla hawajawa wakubwa wa kubishaniwa. Kuzitega kwenye mazalia ni vivyo hivyo. Mvuvi anayekwepa mazalia amewaachilia majike wengi bila kumgusa hata mmoja.

Sasa ni zamu ya wengine kuulizwa. Mvuvi hawezi kubebeshwa mzigo huu peke yake. Mnunuzi anayemkataa mbuta wa sentimita 40 hadharani kisha akamchukua nyuma ya banda, anavunja makubaliano ya ufuo mzima. Hoteli inayotaka samaki mzima wa kujaza sinia kwa ajili ya wageni, nayo ijiulize. Mama mwenye nyumba anayenunua mbuta wadogo kwa sababu ni rahisi, hakosei kutafuta chakula cha watoto, lakini ajue bei halisi italipwa na watoto hao hao.

Serikali nayo ina deni lake. Katiba ya 2010 iliweka uvuvi miongoni mwa majukumu ya kaunti, na Sheria ya Usimamizi na Uendelezaji wa Uvuvi ya 2016 inahitaji utekelezaji usio na upendeleo. Afisa anayechoma nyavu za mnyonge na kufumba macho kwa mwenye nguvu hulifundisha ziwa zima kudharau sheria. Wananchi wana haki ya kuuliza hilo katika vikao vya BMU na katika mikutano ya ushirikishaji wa umma kuhusu bajeti, ambako maswali ya barafu, mikopo na maghala ya baridi yana nafasi yake. Mvuvi asiye na deni la mafuta hupata nafasi ya kufikiri kabla ya kuamua.

Turudi basi kwa yule mvuvi wa alfajiri. Hakuna mtu katika mkutano huu mwenye haki ya kumwita mwizi akimtia samaki yule mashuani. Karo ni karo. Lakini akimrudisha, naye asichekwe ufuoni wala kuitwa mjinga. Pengine hilo ndilo jambo la kwanza ambalo ufuo mzima unaweza kulifanya bila kusubiri bajeti wala afisa: kumheshimu hadharani anayeacha kitu ambacho angeweza kukichukua.

Akiba haiozi, wazee walisema. Akiba hii haiko benki, inaogelea. Kikao kijacho cha kila BMU kiweke ajenda moja zaidi: ni wapi mazalia katika maji yetu, na ni nani kati yetu atakuwa wa kwanza kuyaacha yapumzike?