Nyumba Haihami: Kodi ya Majengo na Mfuko wa Halmashauri



Nimeombwa nizungumzie mapato ya serikali za mitaa. Somo ni pana, nami nitalishika kwa upande mmoja tu: kodi ya majengo. Humo siasa ya fedha za mitaa inaonekana waziwazi.

Mfanyabiashara wa mazao akiona ushuru wa wilaya hii umezidi, atapitisha mzigo wilaya ya jirani. Mwenye nyumba hana pa kuipeleka. Tena thamani ya nyumba hupanda mtaa unapopimwa, taka zinapozolewa, shule na zahanati zinapokuwa karibu. Hizo ni kazi za halmashauri, kwa hiyo ni haki kodi hiyo irudi kwake.

Sisi tumeizungusha. Dar es Salaam ilianza kukusanyiwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) mwaka 2008, ikarudishiwa 2014, na mwaka 2016 TRA ikapewa tena, safari hii si kwa jiji hilo peke yake. Mwaka 2021 makusanyo yakaingizwa kwenye LUKU, mfumo wa kununua umeme kabla ya kuutumia: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, zikapandishwa kuwa 1,500 mwaka 2023.

Nakiri kwamba LUKU imerahisisha kazi. Hakuna kubisha hodi wala foleni. Lakini tazameni kilichopotea. Nyumba ya vyumba viwili Mbagala na jumba la kifahari Masaki, ilimradi yote si ghorofa, hutozwa sawasawa. Kisheria mdaiwa ni mwenye nyumba, ila anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji, naye huachiwa akadaiane na mwenye nyumba wake. Na kubwa kuliko yote, mlipaji haoni pa kwenda kuuliza. Akimfuata diwani kuhusu dampo lililofurika, diwani atajibu kwa kweli kabisa kwamba fedha ile haikupita mikononi mwake.

Hali hii ya serikali kuu kuamulia mapato ya halmashauri haikuanza na majengo. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003, na mwaka uliofuata ada za leseni za biashara zikapunguzwa sana, halmashauri zikaahidiwa ruzuku ya kufidia. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ukashushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula. Mkulima alipata nafuu, nami siupingi uamuzi huo. Ninachopinga ni Dodoma kutoa msamaha kwa mfuko wa mwingine: sifa inabaki juu, pengo linabaki kwenye bajeti ya wilaya.

Wenzetu wa Kenya, katika ibara ya 203 ya Katiba ya 2010, waliandika kwamba kaunti zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa hesabu zilizokaguliwa. Fedha huchelewa, lakini gavana anayo ibara ya kuidai. Mkurugenzi wetu wa halmashauri hana.

Napendekeza LUKU ibaki kuwa njia ya kukusanya, ila fedha ziingie moja kwa moja kwenye akaunti ya halmashauri ilipo mita, na makusanyo ya kila kata yabandikwe ofisi ya kata kila robo mwaka. Kutoza kwa uthamini wa jengo kurudi kwa awamu, tukianza na majengo makubwa ya biashara. Suala la mpangaji ndilo gumu zaidi, naomba tuanze nalo kwenye makundi.