Mjamzito Atembee, Joto Lisimzidi

Mama lishe ninayekula kwake Mwanjelwa ni mjamzito. Kutwa yuko kwenye jiko la mkaa, kibanda cha mabati, sweta mwilini. Juzi nilimwambia atoke, anyooshe miguu. "Mama mkwe amenikataza, kaka. Anasema kutembea kutaitoa mimba."

Nadhani mkwe analinda mlango usio na mwizi. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri mjamzito asiye na tatizo aushughulishe mwili kwa kadiri, angalau dakika 150 kwa wiki. Kutembea kwa haraka kidogo kunafaa.

Mwizi ni joto. Ubongo na uti wa mgongo wa mtoto huanzia kwenye mfereji mdogo, unaojifunga kama siku 28 baada ya mimba kutungwa. Wakati huo wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Joto la mwili wa mama likipita nyuzi 39 na kudumu, hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi huongezeka. Homa kali hulipandisha joto hilo kuliko matembezi.

Kwa hiyo, anayetarajia mimba akipata homa, awahi zahanati. Aliye nayo atembee asubuhi au jioni, apunguze nguo, anywe maji, apumzike akianza kuhema. Na jiko litolewe kibandani, liwekwe penye hewa.

Mama mkwe, mruhusu mwanao atembee. Ikiwezekana, fuatana naye.