Kujificha Shambani

Somo: Mwanzo 3:8–10

Wengine wenu mko jikoni mkingoja chai ichemke, wengine mko safarini kwenda kazini, na wengine mmekwisha kushika jembe. Leo tunalo neno la shambani.

Nyuma ya nyumba tuliyopewa na kanisa pana kishamba kidogo. Kuna sukuma wiki, mistari michache ya maharagwe, na mgomba mmoja usiotaka kuzaa. Ni desturi yetu kuingia humo alfajiri, kabla watu hawajaanza kubisha mlangoni. Umande bado uko, ndege wameanza, na simu tumeiacha ndani. Yeyote aliyepalilia peke yake anajua jinsi moyo unavyotulia mikono ikiwa kazini. Kwanza huja kelele zote za jana: nani alisema nini, karo ya nani haijalipwa. Kisha polepole zinapungua, ukabaki wewe na udongo na Mungu wako.

Bwana wetu mwenyewe alihitaji mahali pa namna hiyo. Luka, katika sura ya 5, anatuonyesha kwamba kadiri makutano yalivyozidi kumtafuta, ndivyo alivyojitenga na kwenda pasipo watu ili aombe. Na Yohana anatuambia kwamba ile bustani ng'ambo ya kijito Kedroni ilikuwa mahali alipozoea kwenda na wanafunzi wake. Ndiyo sababu Yuda alijua mahali pa kumtafuta usiku ule.

Lakini iko bustani nyingine, iliyo katika somo letu. Adamu na mkewe waliposikia Bwana akija, walikimbilia miti ya bustani hiyo hiyo waliyopewa waitunze, wakajificha nyuma yake. Mahali pa kukutana na Mungu wakapafanya mahali pa kumkwepa. Hilo lilitupata sisi pia.

Mwaka mmoja tulikosana na mweka hazina wa kanisa tulilolihudumia. Tulikuwa tukikusanya fedha za mabati, na hesabu haikutimia. Zilipungua shilingi mia nane. Badala ya kumwita kando, tulimwuliza mbele ya wazee wote, tena kwa sauti ambayo haikuwa ya kuuliza. Mzee yule alifunga kitabu chake akatoka. Jumapili iliyofuata aliketi karibu na mlango, na baada ya baraka hakungoja kusalimiana.

Basi tukaanza kukaa sana shambani. Mama wa nyumba akituuliza, tulimjibu kwamba tunatafuta utulivu na Mungu. Maneno mazuri hayo, na mchungaji hakosi maneno. Kumbe tulikuwa tukikata sangari. Msimu ule sangari ilikuwa imeingia katikati ya maharagwe, nasi tuliipiga kwa jembe kila asubuhi kwa nguvu zote, kwa maana kila pigo lilikuwa na jina la mtu. Na baada ya majuma machache ikaota tena, nyingi kuliko ya kwanza.

Asubuhi moja mama mmoja mzee, jirani yetu, alisimama kwenye ua akatutazama kwa muda.

"Mchungaji," akasema, "hiyo sangari unaipanda."

"Hapana mama, tunaikata."

"Unaikata vipande. Kila kipande kitaota. Chukua fokojembe uinue udongo, halafu piga magoti uiokote kwa mikono. Na usiitupe hapo kando, ianike juani ikauke."

Wakulima mnaotusikiliza mnacheka, kwa maana mnajua. Sangari hutambaa chini ya udongo kwa shina jeupe lenye pingili, na pingili moja ikibaki yaweza kuchipua mmea mpya. Hasira haiwezi kuimaliza. Inataka mtu ashuke chini, aende taratibu.

Tulifanya kama tulivyoambiwa. Kazi ya magoti haina kelele ya jembe, na siku ya tatu, tukifuata shina moja refu lililopita chini ya maharagwe, tulikumbuka. Mzee yule alikuwa ametupa shilingi mia nane nje ya kanisa, siku ya mazishi, tununue petroli ya gari la kubebea jeneza. Tulikuwa na haraka. Tulisema tutatia sahihi baadaye, wala hatukutia.

Tulikaa pale udongoni muda mrefu. Mungu alimwuliza Adamu yuko wapi, si kwa kuwa hakumwona. Nasi tulijua tuko wapi: nyuma ya maharagwe.

Tukisema hivi hatutaki mtu aiache bustani yake. Ninyi wa Nairobi mnaopanda sukuma wiki ndani ya gunia mlangoni, endeleeni. Ninyi mnaokwenda kutembea Karura mkasikilize miti, nendeni, na mkumbuke kwamba mwaka 1999 marehemu Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa huko walipokwenda kupanda miti ili msitu ule usigawanywe. Ukimya una gharama yake. Ila ukifika humo usiharakishe kusema umepata amani. Kaa kwanza uulizwe.

Siku ile tuliosha mikono, tukachuma sukuma wiki kikapu kimoja, tukaenda kwa mweka hazina. Alitufungulia lakini hakutukaribisha kuketi. Tulimwambia habari ya petroli tukiwa tumesimama. Alinyamaza, akaingia ndani, akatoka na kile kitabu na kalamu, akatuonyesha mahali pa kutia sahihi. Kisha akamwita mkewe aje apokee mboga. Jumapili tulisimama mbele ya kanisa tukaungama kwamba kosa lilikuwa letu. Ilichukua miezi kadhaa kabla hajarudi kuketi mahali pake pa zamani.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe unayetembea bustanini na kutuita, tuondolee hofu ya kujibu. Wakumbuke walio peke yao asubuhi hii, shambani, hospitalini na barabarani. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.