Kodi ya Miezi Sita: Mhitimu wa TEHAMA Anapohama Mkoa Kwenda Kuanza Kazi

Wakufunzi, waajiri, na ninyi wahitimu mliofika hapa Mwanza kutoka Bukoba, Musoma, Geita na Shinyanga: nimeombwa nizungumzie namna kijana aliyesoma TEHAMA anavyoweza kuhama mkoa na kuanza kazi. Mada ya namna hii huwa inaanzia kwenye lugha za programu na vyeti vinavyotakiwa sokoni. Mimi nitaanza na chumba cha kupanga, kwa kuwa hapo ndipo ninapoona safari nyingi zinakatika.

Tuchukue chumba cha shilingi 100,000 kwa mwezi jijini Dar es Salaam. Mwenye nyumba kwa kawaida anataka kodi ya miezi sita mkononi, na wapo wanaodai mwaka mzima. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja. Kijana hajanunua godoro, ndoo wala mtungi wa gesi, na tayari zimekwenda 700,000. Nairobi, ambako kawaida ni kulipa mwezi wa kwanza pamoja na amana ya mwezi mmoja, chumba cha bei hiyo kingemtoa 200,000. Tofauti yake ni 500,000, na hiyo ndiyo nauli, chakula na bando la mtu ambaye bado anatafuta mahali pa kushika.

Fedha hiyo inatoka wapi? Mara nyingi inatoka kwa mama aliyekopa kwenye kikoba, au kwa baba aliyeuza ng'ombe. Kijana anaingia mjini akiwa na deni la heshima juu ya kichwa chake, na muda wake umeshapimwa: mwezi wa sita ukiisha, mwenye nyumba anabisha hodi. Sasa angalieni kazi zetu zinavyoanza. Kampuni ndogo za programu humchukua mhitimu kwanza kwa kujitolea, kwa posho ya nauli, miezi mitatu hata zaidi, mpaka zijiridhishe kwamba anaweza kuachiwa kazi ya mteja. Ukiongeza na muda wa kuitafuta nafasi yenyewe, kodi inadaiwa upya wakati uleule kijana anapoanza kuaminiwa. Wengi hurudi nyumbani hapo, na sisi tulio nje tunasema hawakuwa na uvumilivu. Mimi nasema walikosa miezi mitatu ya chumba.

Kwa nini ahame, ilhali intaneti ipo?

Swali hili wazazi huniuliza, na ni la haki. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kutoa huduma ya intaneti Dar es Salaam Julai 2009, EASSy ukafuata mwaka 2010, na Mkongo wa Taifa ukaisambaza huduma hiyo mikoani. Kabla ya hapo intaneti yetu ilipita kwenye satelaiti, kwa bei ambayo mwanafunzi hakuweza kuigusa. Leo kijana aliyeko Nyakato, hapa Mwanza, anasoma nyaraka zilezile anazosoma mwenzake wa Kijitonyama, Dar es Salaam, anatumia zana zilezile, na msimbo wake unafika kwa mteja kwa sekunde zilezile.

Lakini kazi yetu ina sehemu ambayo mtu huipata kwa kukaa karibu na anayeijua. Nitatoa mfano mmoja wa malipo ya simu. Mfumo wa duka unatuma ombi kwa kampuni ya simu ili mteja akatwe shilingi 20,000. Ombi linafika, mteja anakatwa, kisha jibu linapotea njiani kwa sababu mtandao umeyumba. Mfumo wa duka haujui kilichotokea. Mgeni wa kazi ataandika msimbo unaotuma ombi upya, na mteja atakatwa mara mbili. Mzoefu aliyeketi meza ya pili atamzuia kabla msimbo haujafika sokoni. Atamwonyesha kwamba kila muamala upewe namba yake tangu mwanzo, ili ombi la pili lenye namba ileile litambuliwe kuwa ni marudio, na kwamba kabla ya kurudia kitu mfumo uulize kwanza hali ya muamala ule. Jambo hili limeandikwa vitabuni. Ila mhitimu hajui kwamba ndilo analotakiwa kulitafuta, mpaka mtu amguse bega. Hali ni hiyohiyo kwa kusoma kumbukumbu za mfumo uliozimika usiku, kwa kumkatalia mteja ombi lisilowezekana bila kumpoteza, na kwa kukadiria siku za kazi kabla ya kutaja bei.

Wakenya wametuachia ushahidi mzuri katika hili. Jukwaa la mtandaoni la Ushahidi, la kukusanya taarifa za wananchi, lilizaliwa Januari 2008, katika machafuko yaliyofuata uchaguzi, na walioliunda walikuwa wametawanyika, baadhi yao wakiwa nje ya Kenya. Walifanya kazi kwa mbali na wakafanikiwa. Hata hivyo, Erik Hersman, mmoja wao, ndiye aliyekwenda kuanzisha iHub mwaka 2010 kwenye Barabara ya Ngong, Nairobi: ukumbi wenye meza, intaneti na kahawa, ambamo waandishi wa programu wangekutana ana kwa ana. Watu waliokwisha kuthibitisha kwamba kazi inawezekana kwa mbali waliona bado kuna haja ya chumba cha pamoja. Na tukumbuke kwamba wale wa Ushahidi walikuwa wanajuana kwa maandishi yao kabla ya machafuko. Mhitimu wa jana hajuani na mtu.

Mtafiti AnnaLee Saxenian aliandika jambo la karibu na hili katika kitabu chake cha 1994 kuhusu Silicon Valley na kampuni zilizozunguka barabara ya 128 kule Boston. Pande zote mbili zilikuwa na vyuo vikubwa na fedha. Upande wa California ulitangulia mbele kwa kuwa wahandisi wake walihamahama kati ya kampuni na kuzungumza wao kwa wao, na ujuzi ukasambaa kwa njia hiyo.

Kwa hiyo ninamshauri kijana ahame kwa ajili ya watu, na ahame kwa muda. Miaka miwili au mitatu ya kukaa karibu na wazoefu inatosha kumfanya afanye kazi popote, hata akirudi Musoma.

Mji upi?

Tumezoea kudhani jibu ni Dar es Salaam. Kwa wengi ni kweli. Benki, kampuni za simu, bandari na wasafirishaji wako pale, na eneo la Kijitonyama peke yake lina Ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na jengo la Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) lenye kituo cha ubunifu cha Buni Hub. Lakini anayetaka mifumo ya Serikali aitazame Dodoma. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ni wa mwaka 1973, na tangu 2016 wizara zimehamia kweli. Mamlaka ya Serikali Mtandao ina makao yake makuu huko, na mifumo inayomwezesha mwananchi kulipa kodi, ada na faini kwa kumbukumbu namba inahitaji watu wa kuitunza kila siku. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, kina ndaki nzima ya fani hii, kwa hiyo ushindani upo, na wenzako wa kujifunza nao wapo pia. Tangu Julai 2024 treni ya SGR inafika Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa kama saa nne. Mtu anaweza kupanga upande mmoja na kwenda kwenye usaili upande wa pili bila kulala njiani.

Arusha ina utalii, ambao unaishi kwa tovuti na mifumo ya kuhifadhi nafasi, na ina Taasisi ya Nelson Mandela kwa anayeelekea kwenye utafiti. Zanzibar ilitangaza mwaka 2022 mpango wa Silicon Zanzibar, wa kuvutia kampuni za teknolojia zije eneo la Fumba. Nairobi inavutia, nami siwazuii, ila mjue kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, haikufuta kibali cha kazi. Mtanzania anayekwenda kuajiriwa Kenya bado anakihitaji, na mwajiri mdogo mara nyingi hataki kuhangaika nacho.

Ndani ya mji wenyewe, bei ya chumba inadanganya. Chumba cha Chanika ni nafuu kuliko cha Sinza, lakini anayefanya kazi Kijitonyama atapanda daladala mbili au tatu kila asubuhi, na jioni zaidi, na saa alizokusudia kujisomea zitaishia kwenye foleni. Atakosa pia mazungumzo ya baada ya kazi, yale niliyoyataja kuwa ndiyo yaliyompeleka mjini. Ningependa vijana wawili wachangie chumba kimoja karibu na kazi kuliko kila mmoja kujitenga mbali na cha kwake.

Wapo wanaofikia kwa ndugu, na kwa wengi ndiyo njia pekee. Hapa naomba niseme wazi habari ya mabinti, kwa sababu tunaipita haraka. Kijana wa kiume akifikia kwa mjomba, anatoka asubuhi na kurudi usiku, na nyumba inamtazama kama mtafutaji. Dada yake akifikia kwa shangazi, tena mwenye shahada ileile na pengine alama za juu zaidi, anakuta jiko, nguo na watoto wa kupeleka shule vinamngoja. Akichelewa ofisini kwa sababu mfumo umekataa kuwaka, anaulizwa alikuwa wapi na nani. Akitaka kupanga mwenyewe, wapo wenye nyumba wanaokataa msichana asiyeolewa, na wapo wazazi wanaoona ni aibu. Shangazi anafanya hisani kumpokea, simlaumu. Ninachosema ni kwamba binti huyu anafanya kazi mbili, na sisi tunamlinganisha na anayefanya moja. Kampuni zinazolalamika kwamba hazipati wanawake waandishi wa programu zianze kutazama wanalala wapi.

Kupokeana

Wahamiaji wa zamani waliokwenda Dar es Salaam na Nairobi hawakwenda kienyeji. Waliunda vyama vya watu wa nyumbani, kama Luo Union kule Kenya, vilivyompokea mgeni, kumwonyesha mji na kumzika akifa. Sisi wa TEHAMA tuna makundi mengi ya WhatsApp ya kutumiana matangazo ya kazi, na ni machache mno yanayojua nani ana godoro la ziada. Sisemi tufufue vyama vya kikabila. Nasema watu wa fani moja waliosoma chuo kimoja wanaweza kupokeana, wakachanga kidogo kila mwezi, na mfuko huo ukamlipia mgeni kodi ya kwanza naye akairudisha atakapoanza kulipwa.

Waajiri mlio hapa nina ombi kwenu. Mkimpa kijana ajira, mlipieni kodi ya miezi sita kama mkopo, mkate kidogo kidogo kwenye mshahara. Pimeni makato hayo kwa busara, kwa sababu Bodi ya Mikopo nayo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi kwa aliyesomeshwa nayo. Kwa kampuni ni fedha ya muda mfupi. Kwa kijana ni kubaki au kuondoka. Na mnapomchukua kwa kujitolea, mwambieni tangu siku ya kwanza tarehe mtakayoamua kumwajiri au kumwachia aende, apate kuipanga kodi yake.

Ninyi mnaojiandaa kuondoka, msiende na cheti peke yake. Tengenezeni kitu hapahapa kabla ya safari: mfumo wa hesabu wa SACCOS ya walimu, wa akiba ya dawa katika duka la mtaani, au wa mizani ya samaki mwaloni Kirumba. Mtu atakayewapokea Dar es Salaam anataka kuona kitu kinachotumiwa na watu halisi, wenye malalamiko halisi, na aone mlivyoyajibu. Na mlio bado chuoni, ombeni mafunzo kwa vitendo katika mji mnaoufikiria kuhamia. Wiki zile chache zitawaonyesha mji kwa gharama ndogo, mjue daladala zake, bei zake na watu wawili watatu wa kuwapigia simu mtakaporudi mkiwa wahitimu.

Kwa wakufunzi, naomba kila idara iandae daftari la wahitimu wake kwa mji wanaoishi, kwa ridhaa yao. Liwe na jina, aina ya kazi anayofanya, eneo analokaa, kama anaweza kumlaza mgeni kwa wiki mbili, na kama ni mwanamke anayekubali kumpokea binti. Lisikae kwa mkuu wa idara tu; apewe mwakilishi wa kila darasa linalomaliza, na libadilishwe kila mwaka kabla barua za mafunzo kwa vitendo hazijatoka. Idara inayotaka kuanza, niko tayari kukaa nayo mchana huu tupange namna ya kukusanya majina ya mwaka wa kwanza wa daftari hilo.