Kutoka Kiti cha Rafiki hadi cha Mpelelezi: Riwaya za Upelelezi na Michezo ya Video

Riwaya ya upelelezi husimulia mambo mawili kwa pamoja: uhalifu uliokwisha kutendeka na uchunguzi unaoufichua. Tangu Edgar Allan Poe alipochapisha hadithi ya mauaji ya Rue Morgue mwaka 1841, mpelelezi wa fasihi amezoeleka kuandamana na rafiki anayeona yote ila haelewi. Sherlock Holmes ana Watson. Bwana Msa wa Muhammad Said Abdulla ana Najum. Msomaji huketishwa upande wa rafiki huyo: huonyeshwa dalili zilezile, hukisia, na mwishoni huelezwa. Mwaka 1929 Ronald Knox, kasisi na mtunzi wa Uingereza, aliutungia utaratibu huo amri kumi. Miongoni mwake ni kwamba mpelelezi asifiche dalili aliyoiona, na rafiki yake asimfiche msomaji anachowaza. Hata hivyo, msomaji aliyekisia vibaya hufika ukurasa wa mwisho sawasawa na aliyepatia.

Mchezo wa video humhamisha mtu kutoka kiti cha Najum hadi cha Bwana Msa. Hapo huzaliwa tatizo la msingi la fani hii: kompyuta itajuaje kwamba mchezaji ameelewa, wala hakubahatisha?

Mwaka 1982 kampuni ya Infocom ya Marekani ilitoa Deadline, kazi ya Marc Blank. Tajiri amekutwa amekufa kwa kuzidisha dawa ndani ya maktaba iliyofungwa, na mchezaji amepewa saa 12 za kuchunguza. Amri huandikwa kwa maneno, na watu wa nyumba hiyo huendelea na shughuli zao wakitazamwa wasitazamwe; anayechelewa kufika chumbani hukosa mazungumzo. Kwa kuwa diski za wakati ule hazikuweza kubeba maandishi yote, mahojiano ya polisi, taarifa ya maabara na hata vidonge vya mfano wa vile vilivyookotwa karibu na maiti viliwekwa ndani ya boksi. Anayekamata mtu pasipo ushahidi wa kutosha hushindwa kesi. Ugumu ulikuwa katika lugha: aliyejua la kufanya, lakini asijue tamko linalokubaliwa na mashine, alikwama.

Mwaka 1983 Yuji Horii wa Japani alitoa The Portopia Serial Murder Case. Toleo la 1985 la mashine ya Famicom liliondoa uandishi wa amri na kuleta orodha ya kuchagulia. Amri hizo hutekelezwa na msaidizi aitwaye Yasu, na muuaji ni yeye. Hila hii ni ndugu wa ile ya Agatha Christie katika The Murder of Roger Ackroyd ya 1926, ambamo msimulizi ndiye muuaji. Ila katika mchezo, anayedanganywa ndiye mtoa amri. Hata hivyo, orodha ilifungua mlango wa kubahatisha, kwani anayejaribu kila kitu kwa zamu anaweza kufika mwisho bila kuelewa.

Shu Takumi wa Capcom aliuziba mlango huo kwa sehemu mwaka 2001, katika mchezo wa kwanza wa mfululizo wa Ace Attorney. Mchezaji ni wakili wa utetezi. Husikiliza shahidi sentensi kwa sentensi, kisha huonyesha kielelezo kinachopingana na mojawapo. Makosa yana kikomo. Yakizidi, kesi hupotea. Udhaifu wake ni kwamba mchezaji aliyeng'amua ukweli mapema hana budi kungoja hadithi imfikie.

Mchezo wa Her Story wa Sam Barlow, uliotoka mwaka 2015, haukumtaka mchezaji amtaje mhalifu. Mchezaji hupewa hifadhi ya vipande vya video vya mwanamke akihojiwa na polisi, na huvitafuta kwa kuandika neno. Kila neno huleta vipande vitano tu vya mwanzo, hivyo lazima asikilize kwa makini ili apate neno la kutafutia jingine. Uelewa hapa ndio ufunguo, lakini hakuna hukumu inayothibitisha kwamba mchezaji amepatia.

Return of the Obra Dinn, mchezo wa Lucas Pope wa 2018, ulirudisha hukumu kwa namna nyingine. Mkaguzi wa bima anapanda meli iliyorudi bila mtu hai mwaka 1807, na kazi yake ni kutaja majina na yaliyowapata watu 60. Dalili ni ndogondogo: lafudhi, mavazi, au namba iliyofungwa kwenye machela ya kulalia, inayolingana na namba ya baharia katika orodha ya meli. Kwa kawaida mchezo huthibitisha majibu pale tu matatu yanapokuwa sahihi kwa pamoja. Kubahatisha moja ni rahisi. Kubahatisha matatu kwa mpigo ni kazi kubwa kuliko kufikiri.

Kwa utaratibu huo, maelezo ya mwisho ambayo riwaya humwachia mpelelezi hutolewa na mchezaji mwenyewe, jibu kwa jibu. Faida yake ni uthibitisho wa uelewa. Gharama yake ni kwamba asiyeelewa hafiki mwisho kamili, jambo ambalo riwaya haijawahi kumtendea msomaji wake.