Vazi la Jirani na Baiskeli Yetu

Dominika ya 30 ya Mwaka A
Kut 22:20–26, 1 Thes 1:5–10, Mt 22:34–40



Katika Injili ya leo mwanasheria anamwuliza Bwana wetu ni amri ipi iliyo kuu katika Torati. Jibu lake twalijua sote tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza: tumpende Mungu pasipo kumbakizia, na jirani tumpende vile tunavyojipenda wenyewe. Somo la kwanza nalo linaishusha amri hiyo mpaka kwenye mfuko wa fedha. Linasema juu ya mkopo, juu ya riba, na juu ya vazi la maskini lililowekwa rehani. Leo twapenda kuungama mbele yenu jambo lililotupata sisi mapadre wa nyumba moja, maana lilitufundisha somo hili kuliko vitabu vyetu.

Parokia yetu iko chini ya milima ya Uluguru, na vigango vyake vingi viko juu, mahali ambapo gari halifiki. Siku moja tuliona mjini baiskeli ya milimani: magurudumu mapana yenye meno, gia 21, na springi mbele za kupokea mishtuko ya njia. Baiskeli za namna hiyo asili yake ni California, Marekani, ambako katika miaka ya 1970 vijana walishindana kuteremka Mlima Tamalpais kwa burudani. Sisi tulijiambia kwamba itatufaa kwa utume. Lakini pikipiki ya parokia ilikuwa nzima, na moyoni tulijua kwamba tumeitamani baiskeli ile kabla ya kuihitaji.

Bei yake ilikuwa shilingi 480,000, nasi hatukuwa nazo. Mwenye duka akasema, "Baba zangu, chukueni tu. Mtalipa 40,000 kila mwezi kwa miezi 12. Riba hakuna." Tukapiga hesabu, ikatoka 480,000 kamili. Tukatia sahihi kwa furaha, kana kwamba tumepewa bure.

Mwezi wa nne alitujia jioni katekista wa kigango kimoja cha juu, mzee aliyefundisha dini miaka mingi na kuwatembelea wagonjwa kwa baiskeli yake kuukuu ya chuma. Alikunywa chai kimya, kisha akasema, "Baba, binti yangu amechaguliwa kidato cha kwanza, shule ya bweni. Godoro, sare, sanduku, nauli: nimepungukiwa laki moja. Naomba mnikopeshe, maharage yakitoka nitairudisha." Tukatazamana. Fedha kidogo ilikuwapo, lakini ilikwisha kuwa na mwenyewe: fungu la mwezi ule, na la mwezi uliofuata. Tukamjibu, "Mwalimu, safari hii tumebanwa. Tutakuombea." Akashukuru, akaaga. Baiskeli yetu ilikuwa imeegemezwa ukutani barazani. Akaipita, akaenda zake.

Mwezi wa nane tulimkuta mlimani, akipanda kwa miguu, mkoba wa vitabu begani. "Mwalimu, baiskeli iko wapi?" Akajibu, "Imekaa kwa mtu, Baba." Hakusema zaidi. Kwa wengine tulisikia kwamba mkopeshaji wa kijijini alimpa laki moja kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, akaishika baiskeli iwe dhamana. Kwa miezi minne mzee yule alikuwa amepeleka 20,000 kila mwezi, na laki moja yenyewe ilikuwa bado palepale.

Wapendwa, tulirejea nyumbani tukalifungua somo hili hili la leo. Mungu anasema kwamba ukimkopesha fedha mtu wake aliye maskini, usimtoze riba. Neno la Kiebrania lililotumika hapo kwa riba linatokana na kitenzi cha kuuma, kama nyoka aumavyo. Kisha linatajwa vazi: ukilishika rehani, lirudishe kabla jua halijazama, kwa sababu ndilo pekee la kujifunika usiku, na maskini akimlilia Mungu, Mungu atamsikia. Basi tukaona kwamba mkopo usio na riba, ambao Torati iliuweka kwa ajili ya mhitaji, tumeupokea sisi kwa ajili ya tamaa. Na mhitaji alipokuja kutuomba mkopo wa namna ileile, tulikuwa tumekwisha kuiuza miezi yetu. Jino lile halikutuuma sisi. Lilimwuma katekista, na vazi lake lililoshikwa lilikuwa baiskeli ya kuwafikia wagonjwa wetu.

Hatusemi kwamba kununua kwa mafungu ni dhambi. Fundi anayepata cherehani kwa njia hiyo, au mkulima anayepata baiskeli ya kupelekea maziwa sokoni, amesaidiwa. Lakini tuwe na macho. Baadaye tuliuliza, tukaambiwa kwamba aliyelipa taslimu pale dukani aliuziwa baiskeli ileile kwa 420,000. Zile 60,000 zilizozidi zilikuwa riba iliyobadili jina. Nchini Uingereza, ambako baiskeli hizi huuzwa sana kwa mkopo wa namna hii, kwa kawaida duka ndilo linalomlipa ada mwenye fedha, na ada hiyo haina budi kutoka katika mauzo. Nchini Marekani iko mikopo ya madukani ambayo, ukibakiza hata kidogo baada ya muda wa ahadi, hukudai riba yote tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, tuulize: bei ya taslimu ni ngapi? Nikichelewa itakuwaje? Na liko swali la tatu, ambalo mwenye duka hawezi kutujibia: katika miezi hii 12, ni nani atakayekuja kubisha hodi mlangoni kwangu, nami nitakuwa na nini cha kumpa?

Tuliiuza baiskeli ile kwa 300,000. Tukamaliza deni letu la 160,000 lililosalia, na kwa laki moja tukaikomboa baiskeli ya katekista. Ilirudi ina pancha na mnyororo wenye kutu. Zile 40,000 zilizobaki tukampa, ziwe nusu ya riba aliyokwisha kulipa; nusu ya pili tulimlipa polepole. Alipozipokea alisema tu, "Asanteni, Baba zangu. Sasa nitawahi kwa wagonjwa." Tungependa zaidi angetukemea.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Sisi tuliila harusi, matanga tukamwachia mwingine. Basi juma hili kila nyumba na ihesabu madeni yake, kisha ihesabu na majirani zake. Tusiiuze miezi yetu yote. Tubakize kitu, hata kama ni kidogo, ili siku jirani atakapokuja na haja ya kweli tuweze kumkopesha pasipo riba, wala asilazimike kuliacha vazi lake kwa mtu. Hapo ndipo amri ile kuu itakapokuwa imefika mfukoni mwetu.

Ee Bwana, unayekisikia kilio cha maskini, utufundishe kutamani kwa kiasi, na utujalie mkono usiofungwa na madeni, ili jirani yetu anapobisha tuweze kumfungulia. Amina.