Ndoa ya Siri Yafika Kalemela

Juma lililopita nilikuwa Kalemela, nyumbani kwa kaka yangu. Chini ya kabati nilikuta sanduku la kanda za video, zile ambazo hakuna anayezigusa tangu simu zianze kuonyesha sinema. Moja iliandikwa Il matrimonio segreto, yaani Ndoa ya Siri. Ni opera ya kuchekesha ya Kitaliano, mchezo ambao watu huimba badala ya kusema. Deki ilikwaruza kidogo, kisha ikakubali.

Mtunzi wake ni Domenico Cimarosa, mzaliwa wa Aversa karibu na Naples. Ilichezwa mara ya kwanza mjini Vienna tarehe 7 Februari 1792, miezi miwili tu baada ya Mozart kufariki. Husimuliwa kwamba Kaisari Leopold wa Pili aliipenda mno hata akawalisha waimbaji chakula cha usiku, kisha akaamuru waianze upya. Naye alifariki tarehe 1 Machi mwaka huo huo, kwa hiyo alifanya vyema kutosubiri. Siku hizi Mozart anajulikana hata kwa wasiomsikiliza. Cimarosa wanamkumbuka wachache.

Kisa chenyewe hakihitaji mkalimani. Geronimo, mfanyabiashara tajiri mwenye masikio mazito, anataka mabinti zake waolewe na watu wenye vyeo. Hajui kwamba mdogo, Carolina, amekwisha kuolewa kwa siri na Paolino, karani wake mwenyewe. Anakuja mwungwana kumchumbia mkubwa, akimwona mdogo anageuza nia.

Kwetu Usukumani ng'ombe hutoka kwa mwanamume. Kule baba wa binti ndiye atoaye mali. Kaka alicheka hadi akafuta machozi. "Mdogo wangu, hawa wamekwisha!" Akaendelea kucheka mpaka pale mwungwana aliposema atapokea nusu tu ya mali iwapo atapewa mdogo, na Geronimo, alipopiga hesabu ya faida yake, akakubali. Hapo kaka akanyamaza.

Niseme wazi. Binti yake ni muuguzi, ana miaka 26. Anampenda mwalimu wa shule ya msingi asiye na hata ndama. Mnunuzi mmoja wa pamba ameahidi ng'ombe 30, na kaka amekwisha kuwatengea zizi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa haibatiliki kwa sababu mahari haikulipwa, lakini sheria haikai jikoni na mama mkwe.

Mwishoni Carolina na Paolino wanapiga magoti na kukiri. Geronimo anafoka, kisha anasamehe. Kanda ikaisha, chumba kikawa kimya, shemeji akajifanya anatafuta kiberiti.

"Baba mdogo," binti akaniambia, "rudisha pale walipopiga magoti."

Nilimtazama kaka. Hakusema neno, wala hakuinuka kwenda kulala. Nikarudisha.